NI BEI ILIYOTIA MAHINDI MOTONI

Ndugu Wanachama,

Katika chumba cha zamu hakuna amani tangu ilipoonyeshwa picha ya jiko la Kimarekani ambalo kuni zake ni mahindi. Mmoja anasema ni uongo. Mwingine anasema ni laana, na nchi inayochoma chakula itaona. Wa tatu anasema mahindi ni ya mwenyewe, kayalima kwa jasho lake, na ayachome akipenda. Mimi nasema wote watatu wamekosea, na Katibu wa tawi amenipa kurasa hizi nieleze kwa nini. Asiyekubali ajibu katika toleo lijalo, nafasi ipo.

Kwanza, si uongo. Jiko hilo si la kupikia, ni la kupashia nyumba joto. Ni sanduku la chuma linalowekwa sebuleni. Juu lina tangi dogo la kumiminia mahindi yaliyopukuchuliwa, na chini ya tangi iko parafujo ndefu inayozungushwa na mota ya umeme. Parafujo hiyo husukuma punje chache chache mpaka ndani ya chungu cha chuma kinachowaka. Feni moja hupuliza moto, feni nyingine hutoa joto chumbani. Hakuna fayamani wala koleo. Mwenye nyumba hujaza tangi asubuhi akaenda kazini kwake. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye injini za mvuke watacheka wakisikia kwamba taabu kubwa ya jiko hilo ni ile ile iliyowatesa watia makaa: klinka, yaani majivu yanayoyeyuka na kugandamana kama jiwe, na ambayo lazima yatolewe kila siku, la sivyo moto unakufa. Tena mahindi lazima yawe makavu. Yakizidi maji sehemu 15 katika 100 hayawaki vizuri. Kumbe jiko la Marekani ni lichaguzi karibu sawa na karani wa ghala la Serikali hapa kwetu, anayerudisha gunia lililozidi 13 na nusu!

Wala si Wamarekani peke yao. Wakulima wa Uswidi wamechoma oti katika majiko yao makubwa ya kuchemshia maji ya nyumba. Ujerumani walibishana miaka mingi, makanisa yakiwa upande mmoja na wakulima upande wa pili, hata sheria ikarekebishwa mwaka 2010 kuruhusu nafaka isiyokusudiwa kuliwa na watu ichomwe, nayo ichomwe katika shughuli za kilimo tu.

Sasa hasira. Naielewa, na nitaonyesha kwa hesabu kwamba naielewa. Wamarekani hupima mahindi kwa busheli, na busheli moja ni kilo 25 na kitu. Katika Iowa na Minnesota baridi hufika digrii 20 chini ya sifuri na zaidi, na siku kama hizo jiko moja hula busheli 1 mpaka 2 kwa siku. Maana yake gunia letu la kilo 90 linakwisha katika siku 2, au 3, au 4 mwenyewe akijibana. Nyumbani kwangu sisi ni watu 6, na gunia hilo hilo likisagwa tunalila mwezi mmoja na nusu. Mama yangu mzazi huko shamba hakubali punje moja ianguke motoni wakati wa kupukuchua. Magunzi ndiyo ya kuchoma, mahindi ni ya watu, na yaliyotobolewa na wadudu ni ya kuku. Ndivyo tulivyolelewa, na sioni haya kusema ndivyo nitakavyolea wanangu.

Lakini hasira hiyo imepelekwa reli ya kando. Inampiga mtu mmoja anayejaza tangi, na inawaacha waliopanga bei ya kilichomo ndani ya tangi.

Tumsikilize mkulima wa Iowa wa mwaka 2005. Mwaka ule busheli ilimpa karibu dola 2. Ukiigeuza kwa gunia letu la kilo 90 ni dola 7 tu, kama shilingi 530 za Kenya za wakati ule. Gunia zima, ndugu! Mwezi wa Agosti tufani iliyoitwa Katrina ilipiga pwani ya kusini ya Marekani penye visima na viwanda vya mafuta, na bei ya mafuta na gesi ikaruka. Nyumba ya mkulima huyu ilipashwa joto kwa gesi ya tangi, na galoni moja ya gesi hiyo majira yale ya baridi ilikuwa karibu dola 2. Busheli moja ya mahindi ikichomwa hutoa joto la galoni karibu 4. Basi akiipeleka busheli sokoni anapata dola 2, akiitia jikoni anaokoa kama dola 8. Mtu mwenye akili timamu, mwenye watoto ndani na baridi ya kuua nje ya mlango, afanye nini? Alinunua jiko. Walinunua wengi hata watengenezaji wakachelewa kuwatimizia.

Na tazama yaliyofuata. Mwaka 2012 ukame uliharibu mavuno ya nchi ile, busheli ikapita dola 8. Mahubiri hayakuongezeka, wala watu hawakupata moyo mpya. Faida ya kuchoma mahindi ndiyo iliyokwisha, na wenye majiko wengi wakarudia kuni na vidonge vya maranda ya mbao. Basi niambieni, nani aliyeyatoa mahindi motoni? Na kama ni bei iliyoyatoa, nani aliyeyatia?

Hapa ndugu yangu wa tatu, yule wa "mali yake na achome," anapiga makofi. Anasema, unaona, ni soko tu, bei inapanda na kushuka kama mvua, hakuna wa kulaumiwa. La, ndugu. Bei si mvua. Mwaka 2005 Serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wake mabilioni ya dola za msaada. Kwa fedha hizo mkulima aliweza kuuza kwa bei ambayo peke yake isingemrudishia gharama, na matajiri wanaonunua nafaka kwa meli nzima nzima wakapata mahindi rahisi. Watu waliketi mezani, wakaandika, wakatia sahihi. Tena hiyo haikuwa mara ya kwanza, na mimi kama mtu wa reli sipendi kusema ilianzia wapi, lakini nitasema.

Ilianzia kwetu, relini. Katika miaka ya 1889 na 1890 wakulima wa Kansas na Nebraska walivuna mahindi mengi sana, na wakayachoma majumbani badala ya makaa ya mawe. Makampuni ya reli yalitoza nauli ya mizigo kubwa mno, hata wakulima wakalalamika kwamba busheli moja inaliwa na nauli ya busheli nyingine. Mahindi yaliyofika kwenye soko la mbali hayakumrudishia mtu kitu, na makaa yaliyotoka mbali kwa reli ile ile yalimfikia yakiwa ghali. Basi mahindi yakabaki nyumbani yakawa makaa. Watu wale hawakukaa wakiomba msamaha kwa dhambi ya kuchoma chakula. Walijiunga, na mwaka 1892 wakaanzisha chama chao cha siasa, wakadai reli ziwe mali ya Serikali.

Na hapa kwetu msidhani reli ilikuwa mtakatifu. Kamati ya Bowring ya mwaka 1922 ilitaka mahindi ya masetla yauzwe ng'ambo, na nauli ya mahindi ya kwenda Mombasa ikashushwa makusudi ili yaweze kufika. Nauli hiyo ndogo ilimfaidia nani? Si yule mwenye vikapu viwili huko Nyanza. Kisha mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti mahindi, na setla akalipwa bei kubwa kuliko Mwafrika. Mahindi yale yale, udongo ule ule, kinu kile kile. Mtu akikwambia tena kwamba bei inatoka mbinguni, mwulize mbingu gani iliyojua rangi ya mkulima.

Ipo hadithi nyingine ya watu wa kazi yetu ambayo wengi hawaijui. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Argentina ilikuwa na mahindi mengi na haikuwa na meli za kuyachukua. Makaa ya mawe yaliyokuwa yakitoka Uingereza hayakufika. Reli nyingi za nchi ile wakati huo zilikuwa mali ya makampuni ya Kiingereza. Basi mahindi yakatiwa katika matanuri ya injini na katika mitambo ya umeme. Fikirini fayamani amesimama mbele ya tanuri, koleo mkononi, anatupa chakula motoni ili treni ipande. Injini zetu kubwa za Garratt za aina ya 59, zilizotengenezwa Manchester, zilichoma mafuta mazito, na kabla yake tulichoma kuni za misitu yetu. Hatukufikia pale. Lakini je, fayamani yule wa Argentina tumwite mwenye dhambi? Alikuwa kazini. Aliambiwa tia, akatia.

Sasa nifike Iowa ya mwaka 1932, maana hapo ndipo penye somo la chama cha wafanya kazi. Ulikuwa wakati wa dhiki kuu. Mijini watu hawana kazi, wanasimama katika msitari wa mkate. Mashambani busheli ya mahindi imeshuka mpaka senti 10 au 12. Makaa ya mawe yakawa ghali kuliko mahindi, na watu wakachoma mahindi. Mkulima mmoja wa Iowa alisimulia baadaye kwamba katika wilaya ya jirani hata jumba la mahakama lilipashwa joto kwa mahindi majira yote ya baridi ya 1932 na 1933. Yaani hakimu ameketi, joto limemzunguka, anasikiliza kesi ya mkulima anayenyang'anywa shamba kwa deni la benki, na kinachompasha joto hakimu ni mahindi ya wakulima wa namna hiyo hiyo.

Walifanya nini? Waligoma! Ndiyo, wakulima waligoma. Mwezi wa Agosti 1932, wakiongozwa na chama chao ambacho kiongozi wake aliitwa Milo Reno, walifunga barabara za kuingia Sioux City, wakasimamisha malori ya maziwa na mifugo. Dai lao lilikuwa moja na lilieleweka na kila mtu: tulipwe si chini ya gharama ya kulima. Ndugu zangu, dai hilo tofauti yake na letu ni nini? Sisi nasi tunasema mshahara usiwe chini ya gharama ya kuishi. Wao walikuwa na jembe, sisi tuna spana, lakini madai ni ndugu wa tumbo moja.

Mgomo wenyewe ulichoka upesi, ila vitisho vyake vilisikika. Mwaka 1933 Serikali mpya ya Marekani ilianza kumkopesha mkulima senti 45 kwa kila busheli aliyoiweka katika ghala lake mwenyewe. Ghala lilitiwa muhuri, fedha akapewa. Bei ikipanda, anauza na kulipa deni. Bei ikishuka, Serikali inachukua mahindi na deni limekwisha, hadaiwi zaidi. Nani atachoma kwa senti 10 kitu anachokopeshwa senti 45? Sisemi Serikali ile ilikuwa malaika. Mwaka huo huo ilinunua na kuua nguruwe wachanga karibu milioni 6 ili kupandisha bei, na watu wakiwa na njaa. Wala sisemi mkopo peke yake ndio uliopandisha bei, maana ukame wa 1934 nao ulifanya kazi yake. Nasema tu kwamba muhuri katika mlango wa ghala ulifanya zaidi ya laana zote. Tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Yusufu na maghala ya Misri. Sikumbuki kusoma kwamba alianza kwa kuwakemea wenye majiko.

Kabla sijarudi nyumbani, neno moja juu ya moto mkubwa zaidi. Ninyi mnaokasirikia jiko la sebuleni, je, mmeliangalia gari la Mmarekani? Sheria zao za mwaka 2005 na 2007 ziliagiza petroli ichanganywe na pombe ya mimea, na sehemu kubwa ya pombe hiyo hutengenezwa kwa mahindi. Leo zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao huingia viwandani kwa kazi hiyo, zaidi ya tani milioni 100 kila mwaka. Kweli, kama theluthi ya uzito hurudi kuwa chakula cha ng'ombe, tusiseme uongo. Lakini Kenya nzima huvuna tani milioni 3 au 4. Majiko yote ya Iowa yakiwekwa pamoja ni kibiriti tu mbele ya moto huo. Mwaka 2008 bei za nafaka zilipopanda dunia nzima, wachunguzi wengi waliutaja kuwa mojawapo ya sababu. Mzee wa jiko anajulikana kwa jina na uso, kwa hiyo anapigwa picha na kutukanwa. Kiwanda hakina uso.

Na tukitaka kuwahukumu wengine, tukumbuke yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2008 mahindi yalichomwa katika Bonde la Ufa, maghala kwa maghala, na hakuna mtoto aliyepashwa joto na moto ule. Siku hizo hizo reli iling'olewa Kibera. Siongezi neno.

Yapo pia mahindi yanayostahili moto, na hayo tunayaonea huruma! Mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mahindi ya namna hiyo hayaponi kwa kupikwa, wala kwa kusagwa pamoja na mazuri. Hayo yakiingia katika tanuri lenye moto mkali nitashangilia, na kama yatachemsha maji ya kiwanda, faida. Laana ni kuyauza tena usiku kwa bei nafuu ili maskini ayale. Anayesema "chakula kisichomwe kamwe" amsaidie kwanza mfanya biashara wa namna hiyo kujificha, maana hilo ndilo neno analolipenda.

Sasa nimefika penye shabaha yangu. Tawi letu linaandaa karatasi ya madai juu ya gharama ya maisha, ipelekwe makao makuu. Katika karatasi hiyo wameandika sentensi moja inayoomba Serikali ifungue bandari wakati wowote kwa mahindi ya nje yasiyolipa ushuru, "ili mfanya kazi apate unga rahisi." Walioiandika ni ndugu zangu, tunakula meza moja, na nia yao ni njema. Lakini sentensi hiyo ndiyo baba wa jiko la Iowa.

Nani asiyetaka unga rahisi? Mwaka 2017 ukame ulipotubana, pakiti ya kilo 2 ilipita shilingi 150, na Serikali ikaleta mahindi kutoka Mexico na kuweka bei ya shilingi 90. Maghala yalikuwa matupu, watu walikuwa na njaa, na kufungua bandari wakati huo kulikuwa haki. Wala mimi si katika wale wanaodharau msaada. Wazee wetu walikula mahindi ya njano ya Marekani mwaka 1984, wakanung'unika juu ya rangi, lakini wakapona.

Ila njaa ya mwezi wa Mei si mavuno ya mwezi wa Novemba. Tulipofika mwishoni mwa 2018 shamba zilijaa na maghala yalikuwa yamejaa, mengine kwa mahindi ya wafanya biashara waliojifanya wakulima. Bei ya Serikali, iliyokuwa shilingi 3,200 kwa gunia, ikatangazwa kuwa 2,300, na baada ya kelele ikafanywa 2,500. Hiyo ni bei ya tangazo. Mama yangu, ambaye hana mashine ya kukausha wala lori, aliuzia mnunuzi mmoja aliyekuja mpaka mlangoni, akapewa shilingi 1,400 kwa gunia, tena gunia la kujazwa mpaka shingoni. Mbolea na mbegu alikuwa amenunua kwa fedha niliyomtumia kutoka mshahara wangu. Karo ya ndugu yangu mdogo iliposhindikana mwezi wa Januari, nani alipigiwa simu? Mimi, mfanya kazi, niliyekuwa nafurahia unga rahisi mjini! Nilichookoa dukani nilikitoa kwa mkono mwingine na zaidi. Nauliza kila mwanachama aliye na mzazi shambani, na wengi wetu tunaye: je, wewe umeokoa nini?

Waajiri wetu wanaipenda sana sentensi ile. Unga ukiwa rahisi, jibu lao kwa madai ya mshahara li tayari: chakula kimeshuka, mnataka nini tena? Zamani babu zetu wa relini walipewa posho ya mahindi kama sehemu ya ujira, na posho ilivyokuwa rahisi ndivyo ujira ulivyobaki mdogo. Leo hatupimiwi posho kwa kopo, lakini hesabu ni ile ile. Kila shilingi inayonyang'anywa mkulima inapunguza shilingi ambayo mwajiri anajiona anatudai. Tukiomba mahindi yauzwe chini ya gharama ya kulima, tumekubali kazi ya mtu iuzwe chini ya gharama ya kuishi. Kazi hiyo ni ya mama zetu, na wao hawana chama.

Mkulima wa Kitale hatatia mahindi katika jiko la kupashia nyumba, maana hatuna baridi ya namna hiyo. Yeye atafanya lililo karibu naye: ataacha kupanda. Atang'oa mahindi apande miwa au miti, au ataikata shamba vipande auze viwanja. Nimeona kwa macho yangu kando ya njia yetu. Mahindi yasiyopandwa yamepotea kuliko yaliyochomwa, maana hayakumpasha joto hata mtu mmoja, na mwaka wa ukame ndipo tutakapoyatafuta.

Kwa hiyo nataka sentensi ile ifutwe na mahali pake pawekwe maneno haya, au mengine yaliyo bora, Katibu anaandika vizuri kuliko mimi. Bandari ifunguliwe maghala yakipungua, na ifungwe wiki nyingi kabla ya mavuno, na tarehe zitangazwe mapema ili asiwepo wa kuficha meli baharini. Sheria ya stakabadhi za ghala imekwisha andikwa tangu 2019. Kwa sheria hiyo mkulima anaweza kuweka mahindi yake ghalani, akapewa karatasi, na kwa karatasi hiyo akakopa fedha asubiri bei. Ni ndugu wa ule muhuri wa mwaka 1933. Basi tudai imfikie mwenye magunia 10, si mwenye magunia 1,000 tu, na mashine za kukausha ziwekwe karibu na stesheni zetu za nchi ya mahindi, kwa bei ambayo mama mwenye magunia 10 anaiweza. Mabanda ya mizigo mangapi ya reli ya zamani yamesimama matupu, popo wanalala? Hayo yana paa, yana njia, na sisi tunajua kuyafanyia kazi. Nauli ya mahindi ya mkulima mdogo ishushwe, kama ilivyowezekana kushushwa kwa setla. Na mshahara wetu upimwe kwa bei ya gorogoro ya unga kila baada ya miezi 6, ili unga ukipanda kwa haki ya mkulima mfanya kazi asife njaa kwa haki hiyo.

Ndugu mmoja ameniambia kwamba haya ni mambo ya wakulima, na sisi tushughulike na spana zetu. Namjibu kwamba gunia likisafiri linapita mikononi mwetu, likisagwa linaingia tumboni mwetu, na lisipouzwa simu inalia mfukoni mwetu. Kama kuna jambo la mfanya kazi wa Kenya zaidi ya hilo, anionyeshe.

Karatasi inakwenda makao makuu mwisho wa mwezi. Wanachama wa zamu ya usiku, ambao mara nyingi hamfiki mkutanoni, pelekeni majina yenu kwa Katibu kwa maandishi kabla ya hapo, mseme kama mnataka sentensi ile ibaki au iondolewe. Mimi jina langu nimekwisha lipeleka.

Wenu katika kazi,
Mfanya kazi wa Reli, Nakuru